Gia Nne za Kurudi Nyuma

Msomaji aliyekuwa nami wiki iliyopita aliniacha nimeketi juu ya jiwe kando ya barabara ya makaburini, gari langu la kubebea maiti likitoa moshi kama tanuri la chokaa, na kinywa changu kikiwa kimetoka kusema uongo.

Kwa aliyechelewa, habari yenyewe ni hii. Jumamosi injini ilipasuka. Meya wetu, Nevenka, akanipigia simu kuuliza kama gari ni zima. Nikamjibu, "Zima kabisa, mwanangu. Injini mpya imekwisha kufungwa."

Hakukuwa na injini mpya. Hata ya zamani haikuwapo tena. Kilichobaki kilikuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

Nilidanganya kwa sababu moja tu. Mkataba wa kubeba wafu wa kisiwa chetu ulikuwa unakwisha mwezi ule, na huko bara alikuwako bwana mmoja, Silvije Grabovac, mwenye magari matatu meusi yanayong'aa kama viatu vya askari, aliyekuwa akiukodolea macho. Kazi hiyo niliachiwa na marehemu mume wangu, Jerko. Nimeishika miaka ishirini na sita. Imenilisha, imenivisha, imesomesha mabinti wawili. Nikinyang'anywa, nina umri wa miaka sitini na tisa, na atakayeniajiri tena labda ni shetani.

Lakini uongo ni kama kuku: ukimfungulia asubuhi akiwa peke yake, siku moja anarudi na vifaranga.

Jumatatu alfajiri Kapteni Vicko akafariki dunia. Mazishi yakapangwa Alhamisi, saa kumi alasiri.

"Shemeji," alisema Kuzma, akiwa amesimama mlangoni pa jiko langu, "usilie."

"Silii. Ninakata vitunguu."

"Basi kata huku ukinisikiliza. Injini ninayo."

Kuzma ni mdogo wake Jerko. Ametengeneza mashua tangu alipokuwa na meno ya utoto, na hajapata kumiliki gari hata siku moja kwa sababu, asemavyo yeye, gari halielei.

"Injini ya gari?" nikauliza.

"Ya mashua. Ile mashua ya anasa ya daktari wa meno, iliyopanda mwamba mwaka juzi. Ilikuwa na injini mbili, ya kushoto na ya kulia. Ya kushoto imeliwa na chumvi. Ya kulia, shemeji, ni bibi harusi."

"Kuzma, mimi siziki watu baharini."

"Injini ni injini. Chuma ni kile kile. Unadhani inajua kama iko majini au barabarani? Inazunguka tu."

Inazunguka, ndiyo. Hakusema inazunguka kuelekea wapi, nami sikuuliza. Masista walionisomesha walinifunza kuuliza maswali matatu kabla ya kukubali jambo lolote. Siku ile sikuuliza hata moja.

"Na meya je?"

"Si umemwambia injini mpya ipo?"

"Nimemwambia."

"Basi sisi tunakutoa katika uongo. Hiyo ni kazi ya dini."

Winchi ya bandarini ikaiinua ile injini, ikaishusha ndani ya gari langu. Kuzma akalala chini ya gari siku mbili. Alitoka kwa ajili ya kula tu. Jumatano asubuhi akaniita nione.

"Rejeta ya kupoza injini iko wapi?" nikauliza.

"Injini ya mashua haina rejeta. Inakunywa bahari, inaitema."

"Na barabarani itakunywa nini?"

Akafungua mlango wa nyuma kwa fahari. Chini ya kitanda cha jeneza alikuwa ameweka pipa la lita mia, na mipira miwili ikitoka humo kwenda mbele, mmoja wa kupeleka maji na mwingine wa kuyarudisha.

"Kuzma, maji hayo yatapata moto. Na kapteni atakuwa juu yake."

"Kapteni Vicko amelala juu ya maji miaka hamsini. Hatalalamika kwa safari moja."

Tukalijaribu saa sita mchana, pale pale gatini. Wazee wa karata walikuwa katika kivuli cha ghala la samaki, na sahani yao ya dagaa wa chumvi na chupa ya divai. Nikawasha. Injini ikaitika mara moja, kwa sauti nzito ya kubwata, duk-duk-duk, hata paka wakaja mbio wakidhani samaki wamefika.

Mzee Tadija akainua macho juu ya karata zake. "Palmina! Leo unakwenda kuzika au kuvua?"

"Nitakuja kukuchukua wewe kwanza," nikamjibu.

Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya kwanza, nikaachia taratibu kama mtu mwenye adabu zake.

Gari likaenda nyuma.

Likaenda nyuma kwa nguvu, likaifikia meza ya karata, na kabla sijapata breki, meza ilikuwa imelala chali, divai imemwagika, na Mzee Tadija yuko juu ya ukuta, mahali ambapo hakuwa amepanda tangu ujana wake.

"Weka gia ya kwanza!" akapiga kelele Kuzma.

"Nimeweka!"

"Umeweka rivasi!"

"Kuzma, nimeliendesha gari hili miaka ishirini na sita. Nijuavyo Baba Yetu ndivyo nizijuavyo gia zake!"

Akanitoa, akaingia mwenyewe. Akaweka ya kwanza. Gari likaenda nyuma. Akaweka ya pili. Likaenda nyuma upesi zaidi. Akaweka rivasi, nalo likasogea mbele polepole, likilia kwa sauti nyembamba kama nguruwe aliyebanwa.

Kuzma akazima injini. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi lililosikika hadi kanisani.

"Ya kulia," akasema.

"Ya kulia imefanya nini?"

"Mashua ya injini mbili, shemeji, moja huzunguka huku na nyingine huzunguka kule, ili mashua isivutwe upande mmoja. Ya kushoto ndiyo inayozunguka kama ya gari. Ya kulia inazunguka kinyume."

"Na hukulijua hilo?"

"Nililijua! Nimelijua miaka arobaini! Lakini kwenye mashua si neno. Mashua inakwenda mbele na nyuma kwa gia zile zile, unasukuma wenzo huku au kule. Nani angefikiri kwamba gari linabagua?"

Kosa kama hilo lingeweza kufanywa na fundi wa mashua tu. Fundi wa magari angeligundua akiwa amefumba macho. Ila fundi wa magari hatuna, tunaye Kuzma.

"Linatengenezeka?"

"Nikiipindua difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, iliyo juu iwe chini, kila kitu kitakuwa sawa. Siku tatu."

"Tunazika kesho."

"Basi una gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Ukiwa na haraka, unageuka."

"Mwacheni!" akasema Mzee Tadija kutoka ukutani. "Ndilo gari la kwanza linaloelewana na wafu. Hata wao hawataki kwenda."

Usinihurumie, msomaji; hapa ndipo ninapoungama. Ningeweza kumpigia simu Nevenka na kumwambia ukweli. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Badala yake nilianza kupiga hesabu ya mwendo. Maandamano ya mazishi kwetu huenda kwa hatua za Padri Frane, na Padri Frane ana nyonga ya chuma. Hata konokono aliyeamka vizuri humpita. Gari linalokwenda mbele kwa rivasi lingemtosha kabisa.

"Kuzma," nikasema, "ile taa nyeupe ya nyuma, inayowaka ukiweka rivasi. Ing'oe."

Alhamisi tukaondoka kanisani saa kumi na robo. Mbele ulikwenda msalaba, ukafuata bendi na matarumbeta yake, kisha Padri Frane, kisha mimi, kisha Bi Dinka, mjane wa kapteni, na kisiwa kizima nyuma yake. Rivasi ililia, lakini matarumbeta yetu hayajapata kupatana tangu nizaliwe, na kilio kimoja zaidi hakikumshtua mtu.

Kilimani Bi Dinka akalifikia dirisha langu. Alikuwa ameshika ubavu wa gari kama mtu anayeshika mkono wa mwenziwe.

"Palmina, sauti gani hii?"

"Injini mpya, Bi Dinka. Uniwie radhi."

"Ni sauti ya bandarini." Akapangusa macho. "Umemfanyia vizuri. Vicko angeipenda."

Nimetukanwa mara nyingi maishani mwangu wala sikuumia kama nilivyoumizwa na shukrani ile.

Upande wa pili akatokea Nevenka, katika suti yake nyeusi ya umeya, na kando yake bwana mmoja mrefu nisiyemjua, mwenye mkoba wa ngozi na viatu visivyo vya kisiwani.

"Shangazi Palmina, gari limepona kweli!"

"Mungu ni mwema, mwanangu."

Yule bwana alitembea ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Tukafika. Lango la makaburi kwetu huingiwa kinyumenyume, ili jeneza litoke kwa mkao wake. Nikaligeuza gari, nikaweka ya kwanza, likaingia kinyumenyume laini kama kisu katika siagi. Nilikaribia kujipongeza. Ndipo wabebaji sita walipoliinua jeneza, na mmoja wao akawa mweupe kama mshumaa.

"Shangazi," akaninong'oneza, "kapteni ana joto bado."

"Alikuwa mtu mchangamfu. Beba."

Wakambeba. Tukamzika kwa heshima zote. Bi Dinka akatupa tawi la mrozimari, bendi ikapiga ule wimbo wa mabaharia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kuwa yalikuwa yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Nevenka alikuwa akinijia na yule bwana wa mkoba.

"Shangazi, huyu ni Bwana Ozren, mkaguzi wa magari ya huduma, kutoka bara. Mkataba hauwezi kutiwa saini bila mhuri wake. Sikukuambia mapema, nisikutie wasiwasi katika siku ya mazishi."

Kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa nikificha mambo wiki ile.

"Gari limepanda vizuri, Bi Palmina," akasema mkaguzi. "Polepole sana."

"Ni mazishi, bwana."

"Naam. Lakini sheria inanitaka nilione pia katika mwendo wa kawaida." Akatazama saa yake. "Feri yangu inaondoka saa kumi na mbili kasorobo. Zimebaki dakika ishirini, na bandarini ni kilomita tatu na nusu. Utanipeleka. Tukifika, tutazungumza habari ya mhuri. Tusipofika, maombi ya Bwana Grabovac ninayo humu mkobani."

Kilomita tatu na nusu kwa rivasi ni dakika arobaini na zaidi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeimaliza.

Nikamwendea Kuzma, aliyekuwa akijaza pipa kwa maji ya bomba la kumwagilia maua ya makaburi.

"Mwambie gari limeharibika."

"Halijaharibika."

"Basi liharibu!"

Akanitazama kwa huzuni, kana kwamba nimemwomba achinje mtoto. "Injini nzima namna hii? Shemeji, gia unazo nne. Unazionea haya ya nini?"

Kwa dakika nzima nilisimama pale, udongo mbichi wa Kapteni Vicko ukiwa hatua kumi kutoka kwangu. Ukweli ulikuwa mfupi: ni injini ya mashua, inazunguka kinyume, nilidanganya. Maneno saba tu. Nikafungua kinywa kuyasema, nikaiona sura ya Bi Dinka, aliyekuwa angali ameuweka mkono wake juu ya ubavu wa gari, akilisikiliza. Kinywa kikajifunga chenyewe.

Nikalitoa gari langoni polepole, nikaligeuza, nikalisimamisha katikati ya barabara, pua ikiwa imeelekea makaburini na mkia umeelekea bandarini. Mkaguzi akaingia, akafunga mkanda, akatazama mbele. Mbele yake lilikuwako kaburi la familia ya Padri Frane.

"Bi Palmina, bandari iko nyuma yetu."

"Ninajua, bwana. Ni desturi ya kisiwa." Sijui maneno yale yalitoka wapi; yalitoka yakiwa yamevaa na kuchana nywele. "Gari likishamshusha maiti, haliyapi makaburi mgongo. Linaondoka likiyatazama, kama mtu anavyotoka mbele ya mkubwa wake."

"Kilomita tatu na nusu?"

"Tuna heshima sana."

Akateremsha kioo cha dirisha. "Mheshimiwa Meya! Ni kweli gari hili huondoka makaburini kinyumenyume?"

Nevenka amezaliwa hapa. Alibatizwa katika kanisa lile lile na Padri Frane yule yule, kabla ya nyonga. Amefuata majeneza mengi kuliko miaka yake, na kila mara aliliona gari langu likirudi nyumbani kwa uso, kama gari la Mkristo yeyote.

Akanitazama. Akamtazama Kuzma, aliyekuwa akivichunguza viatu vyake. Akalitazama bomba la moshi, duk-duk-duk.

"Ni desturi ya zamani," akasema hatimaye. "Wengi wameiacha."

Kisha akaja upande wangu, akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa sikio langu. "Kesho saa mbili asubuhi, shangazi. Ofisini kwangu. Na usije na desturi nyingine."

Nikaweka mkono nyuma ya kiti cha mkaguzi, nikageuza shingo, na kupitia kioo cha nyuma, pale kapteni alipokuwa ameziba, nikaiona barabara yote inavyoteremka. Nikaweka ya kwanza.

Masikini injini ile! Mchana kutwa ilikuwa imelia; sasa ikaimba. Nikaweka ya pili. Bendi ikaruka kulia na kushoto kama panzi. Padri Frane akafanya ishara ya msalaba, sijui kwa ajili yetu au kwa ajili yake. Kuta za mawe za mashamba ya mizeituni zikaanza kupita upande usio wake.

Kona ya kwanza tukaikata salama. Ya pili tukaikata kwa rehema.

"Bi Palmina," akasema mkaguzi.

"Bwana."

"Baba yangu alikuwa na mashua ya injini mbili."

Nikakata kona ya tatu.

"Hii ni ya kulia," akasema.

Barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta, upande mwingine bahari chini kabisa. Si mahali pa kutungia desturi.

"Ni ya kulia, bwana." Huo ulikuwa ukweli wangu wa kwanza tangu Jumamosi, na ulikuwa na ladha ngeni mdomoni, kama dawa. "Umejua tangu lini?"

"Tangu kilimani. Rivasi hulia. Ulipokuwa ukienda mbele ililia njia nzima, na ulipoingia langoni kinyumenyume ikanyamaza." Akashika mkoba wake kona ilipotutupa upande. "Meya wako amenidanganya kwa ajili yako."

"Nilaumu mimi. Yeye ni mtoto mzuri."

"Na yule mjane?"

"Yule hajui lolote. Ameipenda sauti tu."

Nikamsikia akiitazama saa yake. Mkono wa koti lake ulikwaruza.

"Dakika tisa," akasema. "Weka ya tatu."

Nikaweka ya tatu.

Mkoba ukafunguliwa, kitasa chake kikalia mara mbili. Karatasi ikakunjuliwa magotini pake, shubiri mbili tu kutoka kwenye kidevu changu. Nikasikia kalamu ikiandika neno moja, fupi, na chini yake mstari uliokazwa sana. Ningeteremsha macho kwa nukta moja tu ningelisoma, lakini kona ya kanisa dogo la mabaharia ilikuwa ikitujia kwa gia ya tatu, na katikati yake, mweusi, unaong'aa kama kiatu cha askari, ulikuwa ukipanda mdomo wa gari la Silvije Grabovac.